Barakoa za mtoto anayevuka kwa mashua

Mzazi wa Lamu ambaye mwanao huvuka kwa mashua kwenda shule, kama huvaa barakoa kujikinga na maradhi ya kupumua, mtilie mkobani barakoa tatu za kitambaa, si moja. Ya kwanza italowa kwa rasharasha za mawimbi na jasho kabla hata hajashuka gatini. Barakoa iliyolowa haichuji vizuri, tena inabana pumzi, ndiyo maana wengi huishia kuishusha kidevuni. Zile safi zikae kwenye bahasha ya karatasi, iliyovuliwa iingie kikopo chenye kifuniko. Andika jina kwa ndani, upindoni, kwa kalamu isiyofutika. Watoto hubadilishana barakoa kama peremende.

Jioni fua kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa jabiani, yaani birikani. Maji ya kisima yenye chumvi huua povu, na sabuni hugeuka utando mweupe unaoganda kitambaani. Kama ndiyo yaliyopo, ongeza sabuni, sugua pande zote, suuza mara mbili. Anika juani mpaka mshono wa katikati ukauke. Huo ndio huficha unyevu.

Akiamka na homa au kikohozi, abaki nyumbani, na mwalimu wa darasa apigiwe simu kabla ya kengele.