Jaribu mbegu za ghalani kabla mvua haijashika

Huku Kongwa, mkoani Dodoma, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Ukipanda Desemba mbegu iliyokufa, utakuja kuligundua shamba tupu wakati mvua za kwanza zimeshapita bure. Kwa hiyo mapema Novemba mimi hutoa kipande cha kanga kuukuu na kuanza kujaribu kama mbegu zangu za mahindi na maharage bado zinaota.

Chota mbegu juu, katikati na chini ya gunia. Changanya, hesabu 100 jinsi zinavyokuja mkononi, wala usichague zilizonona, maana shambani hutapanda hizo peke yake. Lowesha kitambaa, kikamue, panga mistari 10 ya mbegu kumi kumi, funika kwa kitambaa kingine, kisha viringisha kama mkeka. Weka kwenye sufuria yenye mfuniko, ndani ya nyumba. Kila jioni nyunyiza maji kidogo. Yasituame: mbegu inapumua, ikizama inaoza.

Kuna wanaomwaga mbegu kwenye ndoo ya maji na kusema inayozama ni nzima. Siwashauri. Mahindi yaliyouawa na joto la chini ya bati huzama vizuri tu.

Mahindi yafungue siku ya 4, umalizie kuhesabu siku ya 7. Maharage yape mpaka siku ya 9. Hapa uwe mkali: hesabu zenye mzizi imara na chipukizi lililonyooka. Iliyotoa mzizi tu, iliyopinda au iliyooza usiihesabu, hata roho ikikuuma. Zile zilizogoma zigeuze uangalie kiini, pale kwenye ncha. Fukusi akishakila, punje inaweza kubaki na unga wake mwingi lakini haioti tena.

Zikiota 90 na zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 70 hivi, kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ambako huweka mbegu mbili kila shimo, mimi naweka tatu, kisha napunguzia miche ikizidi. Chini ya 60 natafuta mbegu nyingine, kwa sababu hata zile zinazoota huwa dhaifu na jua la Januari huzimaliza.

Mbegu zilizokufa ambazo hazijawekwa dawa pelekea kuku. Zilizopakwa dawa zifukie mbali na kisima. Zisiliwe na mtu wala mfugo, hata zikioshwa.