Usingizi wa mkekani nao ni usingizi: somo kwa sisi wa mashine ya CPAP

Asalaam aleikum ndugu zangu. Leo nataka tuzungumze jambo linalotuponza wengi tuliokwishapewa mashine kwa maradhi ya kukatika pumzi usingizini, yaani apnea: kule kusinzia baina ya Isha na kwenda kitandani.

Mimi hapa Chake Chake, Pemba, nilikuwa na mkeka wangu ukumbini na mto wake. Nikirudi msikitini nakula, kisha najilaza "kunyoosha mgongo" huku nikisikiliza taarifa ya habari ya saa 2. Habari za michezo sizifikii. Usiku mmoja mke wangu alinirekodi kwa simu, asubuhi akanisikilizisha. Nakoroma, mara kimya. Kimya kile kikarefuka mpaka nikaanza kuhesabu: sekunde 22. Halafu nikasikia mtu anavuta pumzi kama aliyetolewa majini. Huyo ni mimi, na mashine imo chumbani, hatua kumi tu, imefunikwa kitambaa chake safi.

Kwa hesabu ya madaktari, pumzi ikikatika sekunde 10 tu inatosha kuitwa apnea. Koo halijui kama umelala mkekani au kitandani. Ukipitiwa, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unakugutua ili uvute. Mashine hii, aliyoibuni Colin Sullivan na wenzake Australia na kuitangaza mwaka 1981, kazi yake ni kusukuma hewa ili njia ile isizibe. Maski yake ikiwa haiko usoni, haikusaidii kitu.

Hasara ya pili ilinichukua muda kuielewa. Tangu unapoamka, mwili unajiwekea hamu ya usingizi kidogo kidogo hadi usiku. Ukilala saa nzima mkekani, sehemu ya akiba ile umeshaila. Saa 5 unapanda kitandani, unavaa maski, macho makavu! Unasikia hewa inavuma, mikanda inakubana, pua inawasha. Unaivua unaiweka pembeni. Miezi mizima nililaumu maski, kumbe usingizi nilikwishautumia ukumbini.

Hatua ya kwanza: jijue saa yako. Wiki moja andika ni wakati gani kope zinakuwa nzito na umekaa wapi. Mimi ilikuwa ni nusu saa baada ya kula, kila siku.

Hatua ya pili: ondoa mto ukumbini. Kaa kiti cha mgongo wima, taa iwake. Chakula kizito kile mapema, ikiwezekana kabla ya Isha.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoniokoa. Saa ile ya hatari ipe kazi ya kusimama, na kazi yenyewe iwe ni ya mashine. Mimi nachukua bakuli la maji vuguvugu na sabuni kidogo, naosha ule mpira laini unaogusa uso. Upitishie kidole ukingoni: utaona utelezi, ni mafuta ya ngozi yako. Utelezi huo ndio unaofanya maski iteleze na hewa ivuje machoni. (Wenye kupaka mafuta ya nazi usoni usiku, acheni, au pakeni asubuhi.) Nausuuza, naufuta, namwaga maji ya jana yaliyobaki katika kitangi cha mashine, kile kinachotia hewa unyevu, na kutia mapya yaliyochemshwa yakapoa. Nikimaliza, lepe limepita.

Hatua ya nne: likikushinda, usipigane nalo. Nenda kitandani, hata ikiwa ni saa 3, vaa maski, lala. Na kama mchana umechoka, lala kailula ya dakika 20 kabla ya Alasiri, nayo kwa maski.

Mkiyafanya haya na mashine mnaivaa usiku kucha, bado mnasinzia, rudini kwa daktari. Huenda hewa inavuja au presha ya hewa ya mashine haitoshi. Mashine nyingi huonesha kwenye kioo wastani wa mikatiko kwa saa; tunataka ibaki chini ya 5. Presha msijibadilishie wenyewe. Na anayesinzia asishike usukani.

MASWALI YA WANACHAMA

Konde: Mwalimu, mzee wangu husinzia barazani kidevu kifuani, akigutuka anaapa hakulala.
Hakudanganyi, mwanangu. Usingizi wa dakika chache mara nyingi mwenyewe haujui. Na kidevu kikishuka, njia ya hewa inazidi kubanwa. Mwamshe kwa upole, mshike mkono mpaka chumbani. Mrekodi pia, mimi maneno hayakunibadilisha, ile sauti ndiyo iliyonibadilisha.

Wete: Je, kahawa ya barazani si itanizuia kusinzia?
Itakuzuia na kitandani pia. Kahawa ya saa 2 usiku, takriban nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa 7. Kaa na wenzako, cheza dhumna, kahawa iachie Alasiri.

Micheweni: Ramadhani tunalala vipande viwili, baada ya tarawehe na baada ya daku. Nivae vipi?
Vipande vyote viwili. Watu wengi hukiachia kile cha baada ya Alfajiri, nacho ndicho chenye ndoto nyingi. Wakati wa ndoto misuli hulegea zaidi, na wengi wetu pumzi hukatika zaidi. Kuhusu mvuke wa kitangi na saumu, muulize sheikh wako. Mimi kitangi nakizima.

Mkoani: Umeme ukikatika usiku?
Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 tulitegemea majenereta, na leo pia unakatika. Ukipata betri ya volti 12, itumie na kifaa kilichotengenezewa mashine yako, na uzime joto la kitangi, maana hilo ndilo linalokula umeme. Usipokuwa na betri, vua maski, lala ubavu, usilale chali.

Chake Chake: Bomba linanyanyua chandarua, mbu wanaingia.
Weka mashine nje ya chandarua, juu ya kibao kilicho chini kuliko kichwa chako, ili maji yasiteremke bombani. Bomba lipitishe chini ya pindo, usawa wa mto, kisha pindo lichomeke chini ya godoro pande zote mbili za bomba.