Maelezo ya safu yaandikwe pale safu inapozaliwa
Kwa wanaotunza hifadhidata ya PostgreSQL, kama hii ya wafugaji nyuki tunayoihudumia hapa Tabora: faili la mabadiliko ya muundo (migration) linaloongeza safu (column) kwenye jedwali liwe pia na amri ya COMMENT ON COLUMN, inayoeleza kama safu hiyo ni taarifa binafsi, nani mwenye dhamana nayo na ifutwe lini. Kwa mfano:

COMMENT ON COLUMN wafugaji.simu IS 'binafsi; dhamana: usajili; ifutwe uanachama ukikoma';

Maelezo hayo hukaa ndani ya hifadhidata yenyewe, husafiri na nakala ya pg_dump (programu ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata), na kwa kuwa faili limo kwenye Git (mfumo unaotunza historia ya mafaili), anayekagua mabadiliko huiona safu na masharti yake kwa pamoja, tofauti na kuyaweka kwenye jedwali la Excel ambalo, tuseme kweli, hakuna anayelifungua tena. Ongeza skripti ndogo inayozuia mabadiliko yasiunganishwe na kazi kuu (merge) iwapo kuna safu isiyo na maelezo. Njia hii haifui dafu pale mtu anapoingia kwenye seva na kubadilisha jedwali kwa mkono. Tena maelezo hayamzuii yeyote kusoma namba za simu, kazi hiyo ni ya GRANT na REVOKE, amri za kutoa na kuondoa ruhusa. Siri usiiandike humo, kwa sababu kila aliyeunganishwa na hifadhidata hiyo anaweza kuyasoma maelezo yote.