Kupaka mandhari ya jukwaa ukiwa atachimenti: ukuta wa udongo

Wanafunzi wa sanaa wanaokuja kwetu Nakuru kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wengi wana mkono mzuri wa kuchora karatasini. Shida ni kwamba picha ya karatasi hutazamwa kwa karibu, na mandhari hutazamwa na mtu wa safu ya mwisho. Tena vikundi vyetu vya maigizo huzunguka Njoro, Molo na Gilgil kuigizia shule tamthilia teule, zile wanafunzi wanazotahiniwa, kwa hiyo mtazamaji huyo yuko kwenye bwalo la maakuli saa tano asubuhi, madirisha yote wazi, taa za jukwaa hazina kazi. Kivuli unachokitaka ukipake mwenyewe. Hakuna taa itakayokuletea.

Nitatumia ukuta wa nyumba ya udongo, maana huo utaupaka mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: fremu na kitambaa. Fremu ya kawaida ni futi 4 kwa 8. Wamba kitambaa cha marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, juu yake, lakini usikivute kama ngozi ya ngoma. Pamba ikilowa hujikaza yenyewe, na ukiwa umeikaza mno kabla, itapinda mbao. Changanya gundi nyeupe ya mbao, maji na rangi nyeupe kidogo, upake kitambaa chote, kisha ukiache kikauke kabisa. Mwezi wa Julai hapa Nakuru kuna baridi, kwa hiyo fanya kazi hii siku moja kabla. Wenzetu wa Kisumu wana tatizo la kinyume: rangi huwakaukia kwenye brashi, basi waweke ndoo ya maji karibu.

Hatua ya 2: rangi. Tumia rangi ya maji isiyong'aa. Ya mafuta humeremeta usoni pa watazamaji, huchelewa kukauka na hushika moto upesi. Nunua ndoo ya nyeupe, halafu uikoleze kwa oksaidi (unga wa rangi) nyekundu, ya manjano na nyeusi. Koroga rangi ya kutosha fremu zote kwa mara moja, kwa sababu ukirudia kuchanganya hutaipata ileile. Paka kipande cha majaribio na ukingoje kikauke kabla ya kuamua, maana rangi mbichi hudanganya.

Hatua ya 3: mchoro. Kwenye karatasi, sentimita 5 ziwe mita 1. Piga miraba kwenye mchoro na kwenye fremu, uhamishe mraba kwa mraba. Mistari mirefu ipige kwa uzi uliopakwa unga wa makaa.

Hatua ya 4: ukuta wenyewe. Hapa usiwe na haraka. Andaa kahawia tatu zinazokaribiana, uzipake zikiwa bado mbichi, brashi ikienda huku na huku ili mipaka ipotee. Zikikauka, rushia matone madogo ya rangi nyeusi zaidi, kisha ya rangi nyeupe zaidi. Baada ya hapo chukua brashi karibu kavu uipitishe juujuu, ionekane mikwaruzo ya mkono wa aliyeukandika ukuta.

Kisha kumbuka nyumba halisi. Mvua hurusha matope mekundu chini ya ukuta, hadi kama magotini. Moshi wa jikoni huacha weusi juu ya mlango. Udongo hupasuka kuanzia pembe za dirisha. Amua jua linatoka upande gani: likitoka kushoto, kila ufa uwe na mstari mweusi, na ukingo wake wa kulia mstari mwembamba mweupe. Fremu zote zifuate jua hilohilo. Kosa la hapa mtazamaji hulihisi hata kama hawezi kulitaja.

Hatua ya 5: rudi nyuma. Simamisha fremu, nenda mwisho wa ukumbi, tazama. Ufa usioonekana kutoka huko unenepeshe.

Maswali ya wanachama

*Kakamega: Mwalimu, marekani imepanda bei. Shuka kuukuu zinafaa?*
Zinafaa zikiwa za pamba. Zifue kwanza zitoe mafuta. Za poliesta hazijikazi zikilowa.

*Kisumu: Tulipaka migomba kijani kizuri, ilipowashwa taa nyekundu ikawa myeusi. Kwa nini?*
Rangi ya kijani haina nyekundu ya kurudisha, kwa hiyo mwanga ule uliishia hapohapo. Rushia matone ya manjano na kahawia juu ya kijani, au mwombe fundi wa taa aongeze mwanga mweupe. Siku nyingine peleka kipande cha majaribio chini ya taa zenyewe kabla hujapaka mti mzima.

*Bungoma: Shikamoo mwalimu. Niko mwezi wa pili wa atachimenti na kazi yangu ni kuosha brashi. Logi buku, lile daftari la kazi za kila siku, niandike nini?*
Marahaba, mdogo wangu. Andika ulichofanya kweli, lakini kwa ukamilifu: rangi gani, ilichanganywa vipi, ilikauka kwa muda gani. Ukiwa unaosha brashi unaona yote hayo. Kisha mwendee msimamizi wako wiki hii, usingoje mhadhiri aje kukukagua, umwombe fremu moja iwe yako tangu kuwamba hadi kumaliza. Akisita, omba upande wa nyuma wa fremu ya zamani, ujifunzie hapo. Piga picha kila tabaka likikauka, uzipange kwa tarehe. Na kwa viongozi wa vikundi mnaosoma hapa: mpeni kijana fremu. Amekuja kujifunza kupaka.