Somo: Kufundisha kwa nyaraka za serikali zilizovuja

Somo hili mara nyingi huharibika kabla ya kengele, pale mwalimu anapochagua waraka.

1. Chukua uliovuja, kisha baadaye serikali yenyewe ikaufungua. Nyaraka za Pentagon, yaani historia ya siri ya Vita vya Vietnam iliyoandikwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, zinafaa: New York Times lilianza kuzichapa 13 Juni 1971, na mwaka 2011 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ikazitoa zote, kurasa kama 7,000. Hapo hakuna ubishi kama ni za kweli.

2. Kata mpaka ubaki ukurasa mmoja. Memo ya John McNaughton, ofisa wa Wizara ya Ulinzi, ya 24 Machi 1965, iliyomo humo, inatosha. Anagawa malengo ya Marekani kule Vietnam: asilimia 70 kukwepa aibu ya kushindwa, 20 kuizuia China isiitwae Vietnam Kusini, 10 wenyeji waishi vizuri na kwa uhuru zaidi.

3. Iambatanishe na hotuba ya Rais Johnson ya 7 Aprili, wiki mbili tu baadaye, aliposema lengo ni uhuru wa Vietnam Kusini. Hotuba isomwe kwanza. Ukianza na memo, darasa litasema "kadanganya" na mjadala umekwisha.

4. Makundi ya watu 3 au 4 wajibu: nani kaandika, kwa nani, na alitaka nini kifanyike? Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani kilichofichwa ndicho ukweli wenyewe. McNaughton alikuwa anamshauri bosi wake, Waziri wa Ulinzi McNamara. Zile 70 ni makadirio ya ofisa mmoja; hakuna mzani uliozipima.

5. Malizia na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 30 Juni 1971, majaji 6 kwa 3. Iliruhusu magazeti yaendelee kuchapa, haikuhalalisha kuvujisha. Daniel Ellsberg, aliyezitoa, alishtakiwa. Kesi ikafutwa 1973 kwa sababu ya mwenendo mbovu wa serikali.

MASWALI

Mwalimu, telegramu za WikiLeaks je, zile ripoti za balozi za Marekani zilizovujishwa kwenye tovuti hiyo? Vijana wanazijua zaidi.

– Zinafaa, ila usiwatume wakazitafute. Septemba 2011 zilimwagwa zote 251,287 zikiwa na majina ya watu waliozungumza na mabalozi kwa siri. Chapisha mwenyewe, ziba majina kwa wino mweusi, kisha toa kopi ya ile kopi. Wino peke yake, karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga, jina linasomeka.

Zote zilikuwa siri?

– Hapana. 133,887 hazikuwa na daraja la siri kabisa. Lakini zilizokuwa nalo, kwa msimamo wa serikali ya Marekani, kuvuja hakukuliondoa. Mwanafunzi anayewania ajira kwenye serikali hiyo mpe zoezi lingine, bila kumhoji.

Kwangu kila mara wanaishia kumwita mvujishaji "shujaa" au "msaliti".

– Usipige kura ya mikono, wanatazamana. Kila mmoja aandike aya moja peke yake, na ataje mstari wa waraka anaoutegemea. Asiye na mstari arudi kusoma.