Mahindi Yasiyokauka Yasifungwe kwenye Mifuko ya Kinga Njaa

Wakulima wengi wa Dodoma na Manyara sasa wananunua mifuko ya kinga njaa, yaani mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyoingiza hewa, ambayo kila mmoja una mifuko mitatu iliyovalishwa mmoja ndani ya mwingine, na wanafanya vyema, kwa kuwa dumuzi, wadudu wanaotoboa punje, hufa humo kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Kosa linalotugharimu kila msimu ni kufunga humo mahindi ambayo hayajakauka. Mfuko usioingiza hewa hautoi unyevu pia, hivyo maji unayoyafungia mwezi wa saba utayakuta mwezi wa kumi na mbili, punje zikiwa zimevunda na kuota kuvu. Tusisahau kwamba mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, iliua watu katika mikoa hii hii miwili, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kung'ata punje kwa meno si kipimo, hata kama ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, tia vijiko vitatu vya chakula vya chumvi iliyoanikwa juani, kisha jaza mahindi hadi robo ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu dakika tatu, halafu iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Hapa ndipo hata wanaopima hukosea: chumvi isipoganda, maana yake ni kwamba unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 tu, wala si kwamba mahindi yako tayari kufungwa. Ongeza siku nzima ya jua kali, au mbili kukiwa na mawingu, kisha upime tena. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, kwa kina kisichozidi sentimita 4, geuza kila saa, na uyaondoe kabla umande haujashuka. Yaache yapoe kivulini ndipo ujaze, kwa sababu punje za moto hutoa jasho ndani ya mfuko.

Mahindi yaliyokauka vizuri hulia yakimwagwa.

Minya hewa yote, kisha sokota na ufunge kila mfuko kati ya mitatu peke yake. Nawasihi msifungue mfuko huo kila wiki kuchota debe la kusaga. Mahindi ya kula mwezi huu yatengewe mfuko mwingine.