Udhanaishi: Anza na Neno "Nimepangiwa"

Nafundisha falsafa hapa Dodoma. Wanafunzi wengi hunijia wamekariri fasili ya udhanaishi (existentialism), falsafa inayosema mtu hujiumba kwa anayoyachagua, lakini haijawagusa. Fasili iweke kando kwanza.

Hatua ya 1. Andika uamuzi mmoja unaokunyima usingizi. Uwe wa kweli: kubadili kozi, au kurudi Kondoa kumuuguza mama.

Hatua ya 2. Nenda kwa seremala wa mtaani kwako. Mtazame anavyopima mbao ya stuli, penseli sikioni. Kabla hajashika msumeno anajua stuli ni ya nini; kazi ya stuli imetangulia kuwepo kwake. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, katika mhadhara wake wa Paris wa Oktoba 1945, alitumia kisu cha kukatia karatasi kueleza jambo hilohilo. Kisha akasema binadamu ni kinyume: kwanza yupo, halafu matendo yake ndiyo yanamfanya awe mtu gani.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Sikiliza unavyoongea. Vyuoni kwetu kila mtu "amepangiwa": nimepangiwa ualimu, nimepangiwa Dodoma. Ni kweli, na Sartre hakatai kwamba yapo tusiyoyachagua: wazazi, pa kuzaliwa, ufukara. Lakini ukifika mwaka wa tatu ukiwa bado unasema "nimepangiwa" kila unapokosa kipindi, unajidanganya nafsi. Kubaki umechagua. Kusoma kwa kulegalega pia umechagua. Rudi kwenye karatasi yako, futa kila "ilibidi", andika "niliamua", kisha isome kwa sauti. Nimeona darasa zima likinyamaza hapo, na ukimya ule nauheshimu. Ndio uchungu wa uhuru wanaouzungumzia wanafalsafa hawa.

Hatua ya 4. Linganisha na kijana aliyemwendea Sartre wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kaka yake aliuawa mwaka 1940, mama amebaki naye tu. Abaki, au aende Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa? Jibu lilikuwa: uko huru, chagua. Wengi huliona la kikatili. Mimi naona Sartre alikataa kumwibia kijana uamuzi wake.

Hatua ya 5. Ukiulizwa kama huu ni ukafiri, mtaje Søren Kierkegaard (1813–1855), Mkristo wa Denmark anayehesabiwa mwanzilishi wa udhanaishi. Sartre ndiye hakumwamini Mungu.

Hatua ya 6. Sasa msome Simone de Beauvoir, mwanafalsafa mwanamke wa Ufaransa, aliyeandika mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke, bali anakuja kuwa mwanamke. Mjadilini wasichana na wavulana pamoja, kila mmoja akiwa na karatasi yake ya hatua ya kwanza mkononi.